Ulimi wa Ausi na Hoteli za Nachingwea

Alhamisi, 3 Agosti 1950

Barua kutoka Malolo! Imeletwa na dereva wa lori la Ruangwa, imekunjwa mara sita na inanuka papa mkavu. Inatoka kwa Mjomba Amri, mjomba wa mke wangu Ashura. Kwetu Wamwera mjomba akisema, baba mtu hungoja zamu. Nimeisoma nimesimama.

Niandike kisa chenyewe, nisije nikasahau nani mkosaji. Ni miezi miwili tangu Ashura aondoke. Sababu: kisamvu. Nilialika makarani wenzangu wa ghala la magunia. Wakala, wakasifu. Mimi, kwa nia njema kabisa ya kumwendeleza, nikasema kisamvu hiki kingekuwa bora zaidi kama kingepikwa na mtu mwingine. Basi! Kulipokucha akabeba chungu, akabeba mwiko, akapanda lori kwenda kwao. Mwiko! Mwanamke anayekuachia nyumba bila mwiko amekusudia. Nimefunga Ramadhani nzima peke yangu na kufuturu hotelini.

Barua yasema hivi. Mjomba atakuja, na Jumamosi tarehe 19 atakula nami asubuhi, mchana na jioni, mahali nitakapochagua mwenyewe. Akisikia kutoka kwangu neno moja baya juu ya chakula, Ashura harudi tena. Asiposikia, Ashura atapanda lori linalofuata. Mwisho imeandikwa: "Ugonjwa wako ni mudomo." Mudomo! Nimecheka peke yangu. Mjomba hajui kusoma wala kuandika, kwa hiyo kaandikiwa na mwalimu fulani wa huko, na mwandiko wenyewe kama kuku kapita. Mwalimu asiyejua kuandika mdomo anafundisha nini?

Nimejibu leo hii hii. Nimekubali sharti. Nimeambatanisha na sahihisho.

Ijumaa, 4 Agosti

Nimewaza wakati wa hotuba msikitini (Mungu anisamehe) na mpango umekamilika kabla ya swala.

Shida si mdomo wangu. Shida ni chakula. Mtu akipewa chakula kisicho na kasoro, kasoro ataisema wapi? Kwa hiyo nitazikagua hoteli za Nachingwea moja baada ya nyingine. Zenye makosa nitaziambia makosa yao hadharani, zijirekebishe kabla ya tarehe 19. Na zaidi ya hapo: maneno mabaya niliyo nayo nitakuwa nimeyatumia yote. Mjomba akifika atakuta nimebaki na mazuri matupu!

Nimepata ubao wa sanduku la vipuri vya trekta na chaki. Nimeuomba ukuta wa Mzee Abdala, mwenye hoteli ya chai pale sokoni. Amekubali mara moja. Amesema ubao utavuta watu. Mzee anasoma herufi za Kiarabu tu, hizi zetu za shule hazijui.

Jumamosi, 5 Agosti

Nimeanza na jirani. Nimeandika: KWA ABDALA: CHAI NZURI. ANDAZI LA LEO NI LA JUZI.

Mzee Abdala ameona jina lake ukutani, akafurahi, akamwita kila mpita njia aje asome. Wamesoma. Wamecheka. Mzee akacheka nao. Akaniongezea andazi la pili bure, la juzi vilevile.

Kufika adhuhuri mtu mmoja akamtafsiria. Mzee akanifuata hadi ghalani, fimbo mkononi. Nilidhani yamenikuta. Kumbe anataka niandike hivyo hivyo kwa Kiarabu, maana hakuamini. Nimemwambia Kiarabu changu kinaishia kwenye Alhamdu. Ametulia, lakini amesema kesho andazi litakuwa la kesho. Matokeo siku ya kwanza! Nalala saa mbili hii nikiwa na furaha.

Jumapili, 6 Agosti

Leo zamu ya Mama Mngoni. Banda lake liko nyuma ya karakana ya matrekta, paa la nyasi, mabenchi manne. Mumewe dereva wa trekta, Mngoni kutoka Songea, ndiyo maana mama anaitwa hivyo. Jina lake jingine halijulikani wala halikuulizwa. Mama mnene, kicheko chake kinasikika stesheni.

Ugali wake mzito mno. Nimeandika: UGALI WA MNGONI: UKIMPIGA NAO MTU, POLISI WATATAFUTA RUNGU.

Nilitegemea kilio. Banda zima limecheka! Wamwera na Wangoni ni watani tangu enzi zile walipokuja kutupora mazao, na tusi la mtani ni salamu. Mama Mngoni naye akatoka jikoni, akasimama katikati ya mabenchi na kutangaza kwamba Mmwera hawezi kujua ugali, kwa kuwa babu zake walikuwa wakikimbia kabla haujaiva. Watu wakagonga meza. Akaniita mtani, akaniongezea mbaazi.

Nimerudi nyumbani nimeshiba na nimeudhika. Nilikuwa nimesema kweli tupu.

Jumanne, 8 Agosti

Kwa Mama Mngoni watu wanakula wamesimama! Wanaomba "ule ugali wa rungu". Mimi ndiye niliyeleta wateja na mimi ndiye niliyekosa benchi.

Nikaenda kwa Ignasi, pale stesheni. Ignasi ni Mmwera mwenzangu, tulikua kijiji kimoja Narung'ombe, kisha yeye akaenda misheni na kujifunza upishi wa kizungu. Tangu hapo hupika amevaa kofia. Hoteli yake ina vitambaa vya mezani, na kabla ya chakula mtu hupewa supu, eti kufungua tumbo. Tumbo langu halijawahi kufungwa.

Lakini haki ni haki. Sahani zake safi, supu yake safi. Nimemsifu kwa moyo mweupe: KWA IGNASI: SUPU SAFI KABISA. UNAONA MPAKA MAUA YA CHINI YA SAHANI.

Nilitegemea shukrani.

Alhamisi, 10 Agosti

Ignasi amekuja na kofia yake kichwani. Tangu Jumanne amepata wateja wawili, na wote wawili walikuja kuyaona maua. Nimemweleza kwamba nilimsifu. Amesema sifa zangu apewe adui yake.

Kisha akavuta kiti, akasema kwa sauti ya chini kwamba amefikiri. Mama Mngoni alitukanwa na amejaa. Je, siwezi kumtukana na yeye kidogo? Jamani, nani angekataa? Nimechukua chaki hapo hapo. KWA IGNASI: NYAMA YAKE ILIKUFA KWA UZEE, NA MPISHI ANAISUBIRI.

Nilikuwa bado napangusa vumbi la chaki mkononi alipoanza kulia. Kulia kweli, machozi juu ya koti jeupe. Wazee wawili waliokuwa kwa Abdala wakaniambia nina wazimu. Ignasi si mtani wangu, ni ndugu wa kijiji kimoja, na ndugu akisemwa hivyo ametukanwa. Nikasema mwenyewe ameomba. Wakasema hata mtoto huomba wembe.

Ignasi amenipiga marufuku hotelini kwake. Amesema siku moja chaki itakuwa mkononi mwake. Nimefuta maneno. Vitisho vya mpishi wa supu havinitishi.

Ijumaa, 11 Agosti

Nimepata tundu la kupenyea! Nimelipata saa nne asubuhi nikigonga muhuri magunia, na nimegonga muhuri kidole.

Neno nililomwambia Ignasi lilikuwa baya kwa sababu si mtani. Neno nililomwambia Mama Mngoni halikuwa baya kwa sababu ni mtani. Mjomba Amri atahesabu maneno mabaya. Utani hauhesabiwi! Mjomba ni Mmwera wa kale, anajua mila kuliko mimi. Basi milo yote mitatu tutakula kwa Mama Mngoni, na mimi nitasema lolote linalonijia, na Mjomba hatapata hata moja la kushika.

Karani Ausi, una akili. Nimejipongeza kwa chai mbili kwa Abdala. Andazi lilikuwa la leo.

Jumapili, 13 Agosti

Nimekula tena kwa Mama Mngoni ili kuuzoesha ulimi. Nimewaambia watu kwamba mbaazi zake zimepikwa na mtu mwenye safari. Vicheko.

Mama Mngoni akakaa mbele yangu, kiwiko mezani, akaniuliza mke wangu yuko wapi. Nikamweleza kisa cha kisamvu. Akauliza kwao wapi. Nikasema Malolo. Akauliza ukoo. Nikautaja. Akauliza mjomba wake anaitwa nani. Nikasema Amri, na anakuja Jumamosi, na tutakula hapa.

Alinyanyuka ghafla. Akaingia jikoni, nikamsikia akicheka mpaka akakohoa. Wangoni bwana, hata jina la mtu linawachekesha! Hakutoka tena. Sahani ya pili ililetwa na dereva mmoja aliyekuwa anakula.

Alhamisi, 17 Agosti

Mambo mawili ya kuandika.

La kwanza: Mama Mngoni ametundika mkeka mlangoni mwa jikoni. Nikiwa nimeketi hatoki kabisa. Sahani inasukumwa chini ya mkeka, naona vidole tu. Wala haniiti tena mtani, ananiita karani, na kwa sauti ya adabu. Nimemshinda! Mngoni mzima ameogopa ulimi wangu, hawezi hata kunitazama. Nimemwonea huruma kidogo.

La pili: leo katoa ming'oko, vile viazi vya porini vya huku kwetu. Imechemshwa sawasawa, imemenywa kama anavyomenya mama yangu. Songea wanajua ming'oko? Atakuwa amejifunza hapa hapa, na haraka. Sikupata kasoro, ikabidi niseme tu kwamba ni michache.

Nimeandaa maneno thelathini kwa ajili ya Jumamosi. Nimeyafanyia mazoezi mbele ya kioo. Baadhi yamenichekesha mwenyewe.

Jumamosi, 19 Agosti

Nitaandika kwa mpango.

Asubuhi. Mjomba Amri, aliyefika jana na kulala kwangu, alitangulia kwa fimbo yake na kofia ya mkono. Mfukoni ana vijiwe vya kuhesabia. Tukapewa muhogo na chai. Nikauonja, nikauliza kwa sauti kama muhogo huu umechimbwa au umeng'olewa kwenye laini ya simu. Mjomba akaweka kikombe chini. Akatoa kijiwe. Nikamwinamia na kumnong'oneza kwamba mpishi ni Mngoni. Uso ukafunguka! Kijiwe kikarudi mfukoni. Mjomba mwenyewe akadakia kwamba Wangoni walikula mbuzi wa babu yake. Nyuma ya mkeka sauti ikajibu kuwa mbuzi yule alikuwa amekonda, na bado wanadai chumvi. Mjomba akacheka hadi kofia ikaanguka. Kisha akainamisha kichwa na kusema sauti ile aliwahi kuisikia mahali. Nikasema Wangoni wote wana sauti moja.

Mchana. Banda limejaa pomoni. Hata Abdala alifunga chai akaja. Nikapanda juu ya benchi. Nilikuwa katika hali njema sana. Nikasema ugali huu ungewahi kuwapo zamani tusingehitaji boma, tungejipangia matonge. Nikasema mchuzi huu umefiwa na samaki wake na hakuna aliyeupa pole. Nikasema mengi. Mjomba alikuwa anajifuta machozi. Nilimwona Ashura ndani ya lori, mwiko mkononi.

Ndipo Mjomba akainuka akasema mtani anayevumilia hivi lazima asalimiwe uso kwa uso. Akaenda. Akainua mkeka.

Akasema: "Mwanabibi!"

Na sauti ikasema: "Kaka!"

Si Mngoni. Hajawahi kuwa Mngoni hata siku moja! Ni Mmwera wa Malolo, mtoto wa mama mkubwa wa Mjomba Amri. Wakati wa vita aliolewa na askari Mngoni, akamfuata Songea, miaka saba hawajaonana. Ungoni ni wa mumewe. Na kwa ukoo yeye ni mama mdogo wa Ashura, hana tofauti na aliyemzaa.

Mama mkwe wangu.

Mama mkwe! Mtu ambaye nikimwona njiani napaswa kuingia porini mpaka apite. Mtu ambaye nisithubutu kutafuna mbele ya macho yake. Na mimi juu ya benchi, tonge mkononi, jingine shavuni. Sikujua nimeze au niteme, maana yote mawili ni kosa.

Nikajifunika shuka usoni, nikakimbia. Nikagonga nguzo. Ilikuwa nguzo kuu. Paa likamwaga vumbi la mwaka mzima kwenye kila sahani.

Mlo wa tatu haukuliwa.

Jumapili, 20 Agosti

Kesi. Mkeka umetundikwa katikati ya banda. Upande huu mimi, upande ule mkwe, na Mjomba mwishoni akituona wote wawili.

Akavimwaga vijiwe, kimoja kwa kila neno langu la jana. Thelathini na kimoja. Nikapinga, nikasema utani hauhesabiwi. Akauliza tangu lini mtu ana utani na mkwewe. Nikasema sikujua kama ni mkwe. Akasema vizuri sana, basi hawakuwa watani, na kama hawakuwa watani, yale yalikuwa maneno mabaya, na sharti lilikuwa neno moja. Nikatafuta tundu. Hapakuwa na tundu. Akasema Ashura harudi.

Niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma. Nilitamani kulia. Miezi miwili nilikuwa nasema moyoni kwamba kilichonikosesha raha ni kukosa mwiko. Siyo mwiko. Nikirudi jioni hakuna anayeniuliza mbona umechelewa.

Ndipo mkeka ukakohoa. Mkwe akasema amejua tangu Jumapili iliyopita, ukoo ulipotajwa, na ndiyo sababu akatundika mkeka mwenyewe kulinda heshima ambayo mkwewe hakuwa na habari nayo. Kama mkwe, amekosewa. Kama mwenye hoteli, hajawahi kujaza mabenchi namna hii. Kwa hiyo anaomba adhabu ya kati. Kuku mweupe mmoja. Na Jumanne, anayejua sana ugali asonge yeye, wateja wote wale. Ashura aitwe, ale, aamue mwenyewe.

Mjomba akakubali. Mimi nimeushukuru mkeka kwa magoti mawili.

Jumanne, 22 Agosti

Nimesonga ugali wa watu arobaini.

Nimeanza alfajiri. Moshi! Nani aliyejua kuni zina tabia? Maji yalichemka nilipogeuka, unga uliingia wote kwa pamoja, na mwiko mkubwa ulisimama wima katikati ya sufuria bila kushikwa. Nimeungua vidole vitatu. Mkwe alikuwa nyuma ya mkeka akinielekeza, na kila baada ya neno anameza kicheko.

Wakaja wote. Abdala alikuja na andazi mfukoni kwa tahadhari. Ignasi alikuja na kofia na kijiko chake mwenyewe. Na lori la Ruangwa likasimama, akashuka Ashura. Chungu kichwani, mwiko mkononi. Nikamwomba anikopeshe mwiko wake. Akauhamishia mkono wa pili, mbali nami.

Niliwapakulia mwenyewe. Kisha nikasimama nikitazama midomo yao. Mmoja akisita kutafuna, moyo wangu unasita naye. Mmoja alisukuma sahani kando na nikahisi nimepigwa kofi. Nimepika tangu alfajiri! Sema basi hata kwamba ni wa moto! Nikawa nakaribia kuelewa jambo fulani kubwa juu ya Ashura na kile kisamvu. Lakini sufuria ikaanza kuungua nikakimbilia jikoni. Nitalifikiria siku nyingine.

Ashura alinawa, akala tonge la kwanza, la pili, la tatu. Alimaliza ugali wote bila neno, jambo lililoniumiza kuliko yote. Ndipo akaomba ubao uletwe. Mikono yake ina ugali, akamwambia Ignasi ashike chaki aandike atakayomtajia. (Maskini, hajui kuandika, na kwa adabu hakutaka kusema.) Ignasi alivua kofia kwa furaha. Akaandika kwa herufi za misheni: UGALI WA AUSI: NJE UMEUNGUA, NDANI MBICHI. MPISHI NAYE VIVYO HIVYO.

Walicheka mpaka matrekta yakanyamaza. Na Ashura akacheka. Ana mwanya, na akicheka sana huufunika kwa kiganja. Sikuwa nimeuona tangu mwezi wa sita. Nilifurahi kuchekwa, naandika hivi bila aibu.

Atarudi nyumbani. Sharti moja: asisikie tena kutoka kinywani mwangu neno juu ya chakula chake. Nimeapa mbele ya Mjomba, mbele ya mkeka, na mbele ya Ignasi, ambaye hakuhitajika.

Ijumaa, 25 Agosti

Nyumba ina mwiko! Umetundikwa msumarini pale pale.

Jana nilichelewa ghalani makusudi. Akaniuliza mbona umechelewa. Nikamwomba aulize tena.

Leo kapika kisamvu. Nimekula, nimenyamaza. Nimelamba sahani, nimenyamaza. Nimenyamaza vizuri mno mpaka akanitazama kwa wasiwasi akauliza kama naumwa. Nikatikisa kichwa. Mjomba Amri ameondoka na lori la mchana, vijiwe vyake amenirushia uani, akasema sasa havina kazi. Amenisifu kwa kubadilika. Nimebadilika kweli, hata mimi naona.

Jambo dogo tu. Karanga hazikutosha.

Jumapili, 27 Agosti

Kuishi na neno kifuani ni kazi. Siku mbili zile karanga zimenikaa hapa. Jana usiku usingizi ulikataa, nikawaza kiapo changu neno kwa neno, na nikaona kitu ambacho Mjomba hakukiona. Tundu! Niliapa asisikie neno kutoka kinywani mwangu. Chaki si kinywa, na ubao hausikiki. Tena Ashura hajui kusoma, kwa hiyo hakuna wa kuumia. Mimi nitapumua, yeye hatajua, amani itatawala.

Nikautundika ubao jikoni kabla ya swala ya alfajiri. KWA ASHURA: KISAMVU KIZURI. KINGEFAA KARANGA ZAIDI KIDOGO. Kifua kikawa chepesi. Nikaenda msikitini nikiimba.

Nimerudi. Moto hakuna. Msumari mtupu. Mwiko umekwenda, chungu kimekwenda. Chini ya maneno yangu pameandikwa mengine kwa chaki:

MUME MZURI. ANGEFAA KUFUNGA MUDOMO ZAIDI KIDOGO. NIKO KWA MAMA MDOGO NINAPIKA. NJOO ULE NYUMA YA MKEKA.

Mudomo! Kosa lile lile, na mwandiko ule ule wa kuku! Nimesimama nikiutazama muda mrefu, maana jambo lenyewe ni zito. Kumbe yule mwalimu wa Malolo amehamia Nachingwea, na ameanza kuwaandikia watu ovyo majumbani mwao.

Nimechukua chaki, nimefuta ile U. Sasa ubao nimeuweka kichwani nampelekea Ashura, aone jinsi mdomo unavyoandikwa.